Mtungi Ubavuni mwa Jiko

Wiki tatu nilimlaumu Nyevu.
Nilisema programu yake ina matundu,
nilisema mbele ya watu, kikombe mkononi,
naye akanyamaza, akaifungua tena
mistari elfu sita, mmoja mmoja,
kama anayechambua mchele wa harusi.

Bodi ilikuwa yangu. Tabaka nne za shaba,
upana wa kiganja, niliichora mwenyewe
ghorofani Makupa, feni ikizungusha joto lile lile.
Kazi yake kusoma nambari za makontena
kwenye lango la yadi moja Changamwe.
Asubuhi inasoma. Usiku inasoma.
Malori yakijipanga, kazi ikichacha,
inazirai, inazinduka, haikumbuki kitu.

"Huzirai ikizidiwa," alisema Nyevu. Mara moja tu.
Sikumsikia. Nilikuwa na shahada ukutani.

Usiku wa ishirini na mbili
niliigusisha ncha ya oskiloskopu mguuni mwa chipu,
si pale nilipozoea kupimia, penye nafasi,
mguuni penyewe,
nikaliona: volti zinadidimia ghafla,
shimo la nanosekunde tatu, kisha tambarare,
kama hapakutokea jambo.
Multimita yangu haijawahi hata kulishuku.

Kwetu Majengo maji hutoka Mzima,
au husemwa hutoka Mzima: bomba refu,
siku mbili kavu, ya tatu linakohoa hewa.
Mama hakupika hata siku moja kwa kutegemea bomba.
Aliuweka mtungi ubavuni mwa jiko, kata juu yake;
wali ukianza kushika chini
mkono haukumtafuta mwenye mkokoteni.
Na mimi, mwanawe, mhandisi,
niliipa chipu mitungi kumi na minne, mizima, ya bei,
nikaipanga ukingoni mwa bodi, mstari mnyoofu,
kwa sababu ilipendeza kwenye picha.

Kapasita iliyo mbali ni hadithi ya maji.

Wala si hilo tu. Nilipoigeuza bodi
nikauona mfereji niliouchimba kwenye shaba ya ardhi
ili nipitishe waya mmoja mvivu.
Juu yake ishara zakimbia,
mara milioni mia nne kwa sekunde,
nami nilidhani ishara ni ya kwenda tu.
Kumbe kila iendayo ina yake irudiyo,
chini yake, unyayo kwa unyayo,
kama kivuli cha saa sita;
ukiikatia njia huzunguka mbali,
na huko izungukako hupiga kelele
hata jirani hajisikii asemalo.

Kuna uchochoro nyuma ya Kibokoni, ukiita jina
ukuta unakurudishia, jina juu ya jina,
uliyemwita hajui aitikie lipi.
Waya wangu ndivyo ulivyokuwa. Dawa yake
rezista ndogo kama punje ya ufuta,
mdomoni mwa mwenye kuita, aanze kwa upole:
omu thelathini na tatu.
Mama angecheka. Thelathini na tatu
huzihesabu kwa vidole kila baada ya swala,
na hajaungua mkono kwa lehemu.

Alfajiri niliihamisha mitungi
ikae tumboni mwa chipu, upande wa pili,
jasho likinidondoka puani.
Mfereji niliuvusha kwa utepe wa shaba,
ovyo, kama kiraka cha kaptula ya shule.

Saa saba mchana, foleni imefika barabarani,
nikampigia Nyevu.
Nilikuwa na maelezo yangu tayari:
mkondo, marejeo, uzuizi.
Aliacha niyamalize.
"Inasoma?"
"Inasoma. Lori la arubaini hili."
"Haya. Sasa niambie lile jengine."

Nikasikia lango likifunguka.
Nikasikia dereva akimtukana mwenziwe.
Neno lenyewe lilikuwa fupi,
ila nililiweka mbali mno,
na muda wote huo Nyevu hakukata simu.